Dawa ya Kifafa Haing'oi Mzizi, Lakini Usiiache

(Maneno yaliyosemwa na watu wa genge la njia mbele ya wanachama waliokutana Kitengela. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu wa Kajiado na wa njia ya Magadi ambao hawakuweza kufika.)



Sisi tuliosimama mbele yenu si madaktari. Sisi ni watu wa nyundo na mtaimbo, kazi yetu ni mataruma na kokoto, na elimu yetu ni ile ya shule ya msingi ya misheni. Yote tutakayosema juu ya dawa tumeyauliza kwa wenye ujuzi wa hospitali, tukayauliza tena mpaka tukayaelewa. Tumetakiwa kusema leo kwa sababu jambo hili lilitupata sisi wenyewe, na tulilikosea. Tumeonelea ni heri tuwaambie makosa yetu, msije nanyi mkayarudia.

Jambo lenyewe ni kifafa.

Katika genge letu, upande wa Kajiado, yuko mwenzetu mmoja ambaye jina lake hatulitaji, kwa kuwa jina ni mali ya mwenyewe. Ni mtu wa kazi, hachelewi, wala hana ugomvi na mtu. Siku moja, saa tano ya asubuhi, jua limekwisha kuwa kali, tulikuwa tunainua njia. Mara akapiga ukelele mmoja, akaanguka juu ya reli, akakakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kurukaruka na povu likamtoka kinywani. Sisi tulifanya nini? Wengine walikimbia, wakiogopa lile povu. Wengine tulimkalia mikono na miguu. Mmoja akaleta kijiko akakitia kwa nguvu kati ya meno. Alipozinduka hakuwa na jino la mbele. Jino lile, ndugu zetu, halikuvunjwa na kifafa. Tulilivunja sisi.

Alikwenda hospitali. Akapimwa, akaulizwa maswali mengi, akapewa vidonge vya kumeza kila siku usiku. Akavimeza. Mwezi wa kwanza alikuwa na usingizi mwingi, kisha ukapungua. Ikapita miezi kumi na minne hajaanguka hata mara moja. Hapo ndipo tulipokosea mara ya pili. Yeye alisema, “Nimepona.” Nasi tukamwambia, “Kweli umepona, sasa vidonge vya nini? Hizo nauli za kwenda kuvichukua si bora unune unga?” Akaviacha siku moja, vyote kwa pamoja. Hazikupita wiki mbili, akaanguka usiku nyumbani kwake, mbele ya jiko la makaa. Mkewe alikuwa amekwenda kuteka maji. Mkono wa kuume uliungua mpaka vidole vitatu vikakatwa.

Basi swali letu la leo ni hili: kama ile dawa ilikuwa nzuri, mbona haikumponya? Na kama haikumponya, ilikuwa na faida gani?

Tulikwenda kuuliza hivyo hivyo, na jibu tulilopata ndilo tunalotaka mlichukue mwende nalo nyumbani. Dawa ni za namna mbili. Iko dawa inayoua chanzo cha ugonjwa. Mtu wa malaria akimeza dozi yake ikaisha, vijidudu hufa, na yeye hana haja ya kumeza tena. Na iko dawa ambayo haigusi chanzo, inazuia dalili tu zisitokee. Maadamu imo mwilini, dalili zimezuiwa. Ikitoka, zinarudi. Dawa ya kifafa ni ya namna hii ya pili.

Sisi watu wa reli tusingepaswa kushangaa. Daraja likiwa na udhaifu, tunasimamisha bao la kupunguza mwendo. Je, bao lile limelitengeneza daraja? Halikulitengeneza hata msumari mmoja. Lakini treni inapita salama, leo, kesho na mwaka ujao, madhali dereva analitii kila safari. Dereva akisema, “Nimepita hapa mara mia na daraja halijaanguka, bao la nini?” sote tunajua mwisho wake. Mwenzetu aling'oa bao, nasi tulimshikia ngazi.

Sasa kifafa ni nini? Ubongo wa mtu hupeleka habari zake kwa nguvu ndogo ndogo za umeme, kama zamani stesheni zilivyopelekeana habari kwa waya. Kila sehemu ina zamu yake ya kusema. Kwa mwenye kifafa, mara moja moja sehemu nyingi husema kwa pamoja bila mpango, na mwili ukafuata fujo ile. Wengine huanguka na kutikisika. Wengine hawaanguki, bali hukodoa macho kitambo kidogo wasisikie wakiitwa. Huko Ugiriki, yapata miaka 2,400 iliyopita, wafuasi wa tabibu Hippocrates walikwisha kuandika kwamba ugonjwa huu watoka katika ubongo, wala si wa miungu. Nasi mpaka leo tunatafuta nani kamroga nani.

Kifafa hakiambukizi. Povu lile ni mate tu. Unaweza kula naye sahani moja, ukalala naye chumba kimoja. Vyanzo vyake ni vingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, pigo la kichwa la ajali, na mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia tumboni kwa mikono michafu na mboga zisizooshwa, kisha vijidudu vyake vikafika ubongoni. Wengine chanzo chao hakionekani kabisa. Ndiyo maana choo, sabuni, chandarua, kofia ngumu ya kazini na mkunga mwenye ujuzi navyo ni kinga ya kifafa, ingawa hatuviiti hivyo.

Wako watakaosema, “Lakini Injili yasema ni pepo.” Nasi tulisoma misheni, twaijua habari ya yule kijana aliyekuwa akianguka mara motoni, mara majini, na baba yake akamleta kwa Bwana. Hatuna neno juu ya maombi. Ombeni. Lakini hatukuona mahali ambapo baba yule alikatazwa kumpeleka mwanawe kwa mganga. Mtu akuombee usiku, na wewe umeze kidonge usiku ule ule. Yeyote akuambiaye utupe dawa ili uonyeshe imani, mwulize kama atakuja kukuondoa motoni.

Tumesema kwamba dawa yazuia. Yazuia kwa kiasi gani? Hatutaki mtuamini kwa maneno matupu. Nakuru, mji wa reli kama mjuavyo, na vijiji vya jirani, palifanywa jaribio kubwa, na habari zake zikapigwa chapa mwaka 1991 katika jarida la madaktari la London liitwalo The Lancet. Wagonjwa 302 walipewa ama fenobabitoni ama kabamazepini, dawa mbili za siku nyingi. Waliomaliza mwaka mzima walikuwa 249. Katika miezi sita ya mwisho, zaidi ya nusu yao hawakuanguka hata mara moja, na wengine wengi walipungua kuanguka. Tena zile dawa mbili zilikuwa sawa kwa nguvu, ile ya bei rahisi kama ile ya bei kubwa.

Jirani zetu wa Tanzania nao wana habari yao. Mahenge, kusini ya nchi ile, daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa yapata mwaka 1960. Alikuta wagonjwa waliotengwa na watu, wengi wana makovu ya moto. Aliwapa fenobabitoni, na wengi wakatulia. Mwaka 1992, yeye na mwenzake waliandika habari za wagonjwa 164 waliofuatwa kwa miaka 30. Zaidi ya nusu anguko lao lilikoma walipotumia dawa. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa, na vifo vingi katika hivyo vililetwa na kifafa chenyewe: kuanguka kwa kufululiza bila kuzinduka, kuzama majini, kuungua moto. Kidonge kizuri peke yake hakitoshi. Lazima kipatikane kila siku, miaka na miaka.

Shirika la Afya Duniani lasema wenye kifafa duniani ni kama milioni 50, na kwamba hata 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa sawasawa. Fenobabitoni si siri ya matajiri. Daktari Alfred Hauptmann wa Ujerumani alionyesha tangu mwaka 1912 kwamba yazuia kuanguka, na mpaka leo ni katika dawa za bei nafuu kuliko zote za ugonjwa huu. Kwa hiyo mtu wa Kajiado akiungua kwa kukosa kidonge, si kwamba dunia haijavumbua.

Sasa sikilizeni sana, maana haya ndiyo masharti yake.

Kwanza, dawa humezwa kila siku, ukiwa mzima au ukiwa mgonjwa, Jumapili na sikukuu. Usingoje dalili. Ukingoja dalili umekwisha kuchelewa.

Pili, usiiache kwa ghafula. Kuiacha ghafula, hasa fenobabitoni, kwaweza kuleta anguko la kufululiza ambalo huua. Mtu akikaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka, daktari aweza kufikiri habari ya kuipunguza, kidogo kidogo, kwa miezi. Neno hilo ni la daktari. Si la mnyapara, si la jirani, wala si la genge.

Tatu, usingoje kidonge cha mwisho kiishe ndipo uanze kutafuta nauli. Anayeishi mbali na lami, au anayehama na mifugo wakati wa ukame, na aombe dawa ya kumtosha safari yote. Wala usinunue viwili vitatu leo, vitatu wiki ijayo, kama sigara.

Nne, pombe na kukosa usingizi huamsha kifafa. Mwenye zamu za usiku mfululizo amwambie daktari wake.

Tano, mweleze daktari dawa nyingine unazotumia, kama za kifua kikuu au za Ukimwi, maana huweza kupingana. Na kwa dada zetu: iko dawa iitwayo valproeti ambayo yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke wa umri wa kuzaa aulize kabla ya kupewa. Lakini aliye na mimba asiache dawa yake kwa hofu, aende akaulize upesi.

Sita, dawa ikikuletea vipele mwilini, kizunguzungu au usingizi uliopita kiasi, rudi ukaseme. Dawa hubadilishwa, kipimo hupunguzwa. Kunyamaza na kutupa si dawa.

Na si kifafa peke yake. Magonjwa mengi ya ubongo na mishipa ya fahamu hutibiwa kwa namna hii. Mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson, mikono ikitetemeka na miguu ikiwa mizito, hupewa levodopa. Atainuka, atafunga vifungo vya shati mwenyewe, ingawa ugonjwa haukuondoka. Je, kufunga shati lako mwenyewe ni kitu kidogo? Lakini muangalie pia upande wa pili. Kuna wakati wa kutotuliza dalili. Mtoto akipata degedege na homa, au mtu akiumwa kichwa sana shingo ikakazana, au mdomo ukaenda upande na mkono mmoja ukakosa nguvu, hapo usitafute kidonge cha dukani. Kimbia hospitali saa ile ile, maana chanzo chenyewe kinaua na chahitaji kutibiwa upesi. Hata hawa wanaomeza dawa za kichwa kila siku kazini wajue kwamba dawa hizo zikizidi zenyewe huleta maumivu ya kichwa.

Mtu akianguka kazini mfanye hivi. Akiwa njiani, kwanza kabisa atoke mtu na bendera nyekundu huku na mtu na bendera nyekundu kule. Mwondoeni penye reli, moto na chuma. Wekeni kitu laini chini ya kichwa, legezeni kola. Msimshike asitikisike. Msimtie kitu chochote kinywani, si kijiko, si maji, si kidonge. Msimnusishe viatu wala kitunguu. Tazameni saa. Akitulia mlazeni ubavu ili mate yatoke, mkae naye mpaka afahamu alipo. Ikipita dakika tano hajatulia, au akaanguka tena kabla ya kuzinduka, au ameumia, au ni mara yake ya kwanza, au ni mama mjamzito, tafuteni gari aende hospitali.

Sasa tuje kwenye kazi, maana hiki ni chama cha wafanya kazi.

Mwenzetu alipotoka hospitali na mkono wake, mwajiri wake, ambaye hatumtaji, alimwandikia barua ya mistari miwili kwamba kazi imekwisha. Hakuitwa, hakuulizwa. Tukamwendea mjumbe wetu, naye akafungua Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumwondoa mtu kazini kwa sababu ya udhaifu wa mwili, mwajiri ni lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama, na asikilize majibu yao. Kifungu cha 5 chakataza kumbagua mtu kwa ajili ya ulemavu. Na kifungu cha 30 chatoa likizo ya ugonjwa kwa aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini: siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, akileta hati ya daktari. Barua ile ya mistari miwili ilirudishwa. Leo mwenzetu ni mtunza ghala, anaandika vifaa kwa mkono wa kushoto, na amejifunza vizuri.

Lakini tuseme kweli yote. Hatukuomba arudi kwenye reli. Mtu ambaye kifafa chake hakijatulia hafai kuendesha mtambo, wala kupanda nguzo, wala kusimama peke yake penye treni. Chama kikidai hivyo kitakuwa kinamwua mwanachama wake. Kinachofaa kudaiwa ni kazi nyingine ya salama na ruhusa ya siku ya kliniki. Mtu akijua kwamba akisema hatafukuzwa, atasema mapema. Akijua atafukuzwa, ataficha, na ataanguka pale pale penye hatari. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua.

Basi tunaomba mambo matatu, na tunaomba yaandikwe katika kitabu cha mkutano. La kwanza, kila genge na kila karakana, kuanzia hapa Kitengela mpaka Kajiado na kuendelea, lifundishwe namna ya kumsaidia aliyeanguka. La pili, kila tawi liweke sanduku dogo la nauli na dawa, ili asiwepo mwanachama, mke wake wala mtoto wake atakayekosa kidonge kwa sababu mwezi haujaisha. La tatu, mwanachama akitaka kumweleza mwajiri ugonjwa wake, asiende peke yake. Aende na mjumbe.

Na wewe uliyekaa hapa kimya, unayejua kwamba maneno haya ni yako au ya mtoto uliyemfungia nyumbani asionekane na wageni, hatutakutazama. Nenda hospitali ya Kitengela au ya Kajiado, uulize kliniki ya kifafa ni siku gani. Na ukishapewa dawa ukakaa vizuri, akaja rafiki mwema akakuambia umepona, acha vidonge, mkumbuke mtunza ghala wetu. Sisi ndio tuliokuwa rafiki wale.

Umoja ni nguvu.